UZI: Paka aliyeogopwa mtaani kwetu Ngamiani. Paka wa Siam, alikotoka, rangi yake na tabia zake

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi)

Assalam aleikum na habari za jioni wakuu. Huu uzi nimeuahidi tangu Ramadhani, leo ndiyo nimepata nafasi. Ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye paka avute kiti.

Nakaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya familia, ua mmoja na shangazi yangu na wapangaji wawili. Miaka sita iliyopita paka wa shangazi, mweusi mwenye kifua cheupe, paka wa kawaida wa kushinda jikoni, alizaa stoo nyuma ya magunia ya nazi. Watoto wanne. Watatu walifanana na mama yao na mashume ya mtaani. Wa nne alitoka mweupe kama tui la kwanza.

Siku ya kumi hivi nikaona kingo za masikio yake zimeingia kijivu, kama amepitishwa kwenye moshi. Wiki ya tatu pua na mkia navyo vilikuwa vimekolea, nyayo zikafuata. Shangazi akajua watoto wa wapangaji wamempaka masizi ya sufuria. Akamchukua, akamwosha kwa sabuni ya kipande, akamsugua mkia kwa kidole gumba mpaka akalia. Maji yakatoka safi. Shangazi akanitazama, hakusema neno, akaniwekea paka mapajani akaenda zake kutawadha.

Macho ya wenzake, ambayo yote yalifunguka na ubuluu wa kitoto, yakageuka manjano. Ya kwake yakabaki buluu mpaka leo. Nikamwita Kasuku, maana alikuwa haachi kusema.

Alipofika miezi saba akaanza kutafuta dume, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sauti yake si nyau tuliyoizoea. Ni kilio kirefu, kizito, chenye kupanda na kushuka, ukikisikia saa nane ya usiku utaapa ni mtoto mchanga katupwa mtaroni. Ndivyo alivyodhani mama mmoja jirani. Akatoka na tochi, Mungu amlipe kwa nia yake njema, akamulika juu ya ukuta wetu. Akaona mwili mweupe, uso mweusi, na macho mawili yanayowaka mekundu kama makaa. Si kijani kama paka wote, mekundu. Alikimbia, kandambili moja ikabaki kwenye mtaro.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kwetu tunafuga jini. Wiki hiyohiyo Kasuku alirudi anachechemea, mguu umepigwa jiwe. Mpangaji mmoja akanishauri nimtie kwenye kiroba nikamtupe Pongwe kabla hawajamuua. Sikulala usiku ule. Kuanzia hapo nikaanza kumsoma huyu mnyama, na uzi huu ni matunda ya kusoma huko.

Vitu vinne vilitisha watu: uso mweusi kwenye mwili mweupe, macho ya buluu, kuwaka kwa wekundu, na sauti. Vitatu vya kwanza vina chanzo kimoja.

Rangi ya manyoya inapikwa na kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, kilichoko kwenye ngozi. Kwa paka hawa, jeni, yaani chembe ya urithi, inayotengeneza kimeng'enya hicho ina kasoro ndogo: kimeng'enya hakistahimili joto. Mwili wa paka una nyuzi 38 hadi 39. Kifuani, mgongoni na tumboni, ambako damu ina moto, hakifanyi kazi, manyoya yanaota meupe au rangi ya maziwa. Masikioni, puani, mkiani na miguuni ngozi imepoa kidogo, hapo rangi inapikika. Ni jiko la kinyume, penye moto hakiivi kitu, penye baridi ndipo panapoiva. Na tumboni mwa mama ni joto kila mahali, ndiyo maana wanazaliwa weupe watupu. Shangazi alikuwa anasugua kitu kilichotoka ndani ya ngozi.

Mwaka 1930 watafiti wa Kirusi, Iljin na Iljin, walichapisha jaribio lao kwa paka hawa wakionyesha kwamba manyoya yakiota upya kwenye baridi yanatoka na weusi zaidi. Mimi nimeliona kwa macho yangu mara mbili bila kukusudia.

Mara ya kwanza ni nilipompeleka kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Walimnyoa ubavuni, kipande kama kiganja cha mtoto. Ngozi ikakaa wazi, ikapigwa na upepo. Manyoya yalipoota yakatoka kahawia iliyoiva, kiraka cheusi katikati ya mwili mweupe. Jirani wakasema tumemchanja dawa. Mwaka uliofuata manyoya yale yakapukutika, yaliyoota chini yake yakarudi rangi ya maziwa, kiraka kikafutika.

Mara ya pili ni mwaka juzi, nilipohamishiwa Lushoto kikazi kuanzia Mei hadi Septemba, nikaenda naye. Mnaoijua Lushoto mnaijua baridi ya Juni kule juu. Kasuku wa Tanga alikuwa na miguu ya kijivu na mgongo mweupe. Kasuku aliyeshuka Septemba alikuwa na soksi nyeusi mpaka magotini na mgongo rangi ya chai ya maziwa. Shangazi alinifungulia mlango akauliza, "Huyu ndiye yeye, au umebadilishana na Wasambaa?" Kufika kaskazi mwezi wa Februari alikuwa ameanza kung'aa tena.

Macho sasa. Upungufu wa rangi unafika mpaka ndani ya jicho, ndiyo maana ni buluu. Jicho la paka wa kawaida lina utando nyuma unaorudisha mwanga, kwa hiyo ukimulika unaona kijani au manjano. Kwa paka wa Siam rangi ya huko ndani imepungua, mwanga unaokurudia umepita kwenye mishipa ya damu, nawe unaona nyekundu. Jirani yangu aliiona damu ya paka, basi. Upungufu huohuo unavuruga njia za fahamu kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo, nyuzi nyingine zinaingia upande usio wake, na baadhi yao hupata makengeza. Kasuku anayo kidogo, hasa akiwa amechoka.

Naenda kula, narudi na historia.

Kibua Mkavu

Mkuu shikilia hapohapo. Ila swali, huyo mama yake alikuwa paka wa kawaida, inakuwaje azae Msiam?

Mwana wa Ngamiani

Swali zuri. Jeni hii ni ya kujificha. Paka anaweza kuibeba moja bila kuonekana chochote, awe mweusi au wa madoa. Akikutana na dume naye aliyeibeba, kwa hesabu kila mtoto ana nafasi ya robo kuzirithi zote mbili, na huyo ndiye atakayetoka na uso mweusi. Kwetu walizaliwa wanne akatoka mmoja, lakini si lazima iwe hivyo kila uzazi.

Ilifikaje Ngamiani? Shangazi anakumbuka utotoni mwake kulikuwa na familia ya wageni Raskazone iliyokuwa na paka wa namna hii, wakaondoka wakamwacha. Nakubaliana naye. Tanga waja leo waondoka leo, lakini paka wao hawapewi tiketi. Jeni inaweza kukaa kimya vizazi na vizazi kwenye mashume ya sokoni, halafu siku moja inachomoza nyuma ya magunia ya nazi.

Mwana wa Ngamiani

Historia sasa. Siam ndiyo Thailand ya leo, jina lilibadilishwa mwaka 1939. Kwao anaitwa wichienmaat. Kuna vitabu vya mashairi ya paka, Tamra Maew, ambavyo asili yake inaaminika ni ufalme wa Ayutthaya, mji uliobomolewa na jeshi la Burma mwaka 1767. Nakala nyingi zilizopo leo ni za karne ya 19. Mle paka wamepangwa kwa aina, wa heri na wa nuksi, na huyu wetu yumo kwa wa heri: mweupe, mwenye weusi sehemu nane, yaani mdomo, mkia, masikio mawili na miguu minne. Nilipoisoma hiyo nilimgeuza Kasuku nikamhesabu. Nane kamili.

Kwa hiyo watu waliokaa naye kwa mamia ya miaka walimwona heri. Aliyemwona kwa mara ya kwanza ndiye aliyeogopa, na hapa naomba msome vizuri. Tarehe 13 Julai 1871, London, kwenye jumba la Crystal Palace, bwana Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka, na paka wa Siam walikuwepo. Mwandishi mmoja wa wakati ule aliwaeleza kuwa ni paka wasio wa kawaida, kama kitu cha jinamizi. Hiyo ni London, mchana kweupe, watu waliosoma. Tusiwacheke jirani zetu wenye tochi.

Marekani nako alifika mapema, kabla hajazoeleka. Balozi mdogo wao wa Bangkok, David Sickels, alimtuma paka jike mwaka 1878 kwa Lucy Hayes, mke wa Rais Rutherford Hayes. Alisafirishwa kwa meli kupitia Hong Kong mpaka San Francisco, kisha nchi kavu mpaka Washington. Wakampa jina Siam. Alikuwa akizunguka nyumba ya Rais kama mwenyeji, lakini akaugua na kufa mwaka 1879. Inaniuma kila nikiisoma, safari yote ile.

Waliozaa ukoo Uingereza walikuja mwaka 1884. Edward Gould, aliyekuwa kwenye ubalozi wa Uingereza Bangkok, alimletea dada yake Lilian Veley dume na jike, Pho na Mia. Kwa Kithai ni Baba na Mke. Watoto wao wakaonyeshwa Crystal Palace mwaka 1885, nao hawakuishi sana. Bi Veley hakukata tamaa, na mwaka 1901 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha paka wa Siam.

Wale wa mwanzo wengi walikuwa na makengeza na mkia uliopinda ncha. Kuna hekaya kwamba binti wa mfalme alikuwa akienda kuoga anavisha pete zake kwenye mkia wa paka, mkia ukapinda ili pete zisidondoke. Nyingine inasema paka aliachwa kulinda kikombe cha thamani, akakikodolea macho mpaka yakapishana. Hekaya nzuri za kumsimulia mtoto. Wafugaji wa Ulaya waliona ni kasoro, wakachagua wazazi mpaka zikapungua.

Baadaye walichagua na vingine. Kuanzia katikati ya karne ya 20 wakapenda uso mwembamba na mrefu kama kabari, masikio makubwa, mwili kama kamba. Ukitazama picha za paka wa mwaka 1900 ukamtazama wa maonyesho ya leo, utadhani wanyama wawili. Kasuku ana uso wa duara, kama wale wa zamani. Wenye mapenzi na umbo hilo la kale sasa wanalisajili kwa jina la Thai. Maoni yangu mimi, walipaswa kumwacha Mungu alivyomuumba.

Paka wa aina ya Burmese naye katokea hapahapa. Mwaka 1930 Dk. Joseph Thompson alileta San Francisco paka jike wa kahawia aitwaye Wong Mau, akapandishwa na dume wa Siam aitwaye Tai Mau, ukoo ukaanzia hapo.

Binti wa Muheza

Kaka, asante kwa elimu. Lakini bibi yangu hata nimweleze vipi kuhusu vimeng'enya hatanielewa. Anasema paka anayelia kama mtoto si paka. Nimwambieje?

Ustadhi wa Msambweni

Binti yangu, niruhusu nimjibie mleta uzi. Mwambie bibi yako, kwa adabu na baada ya kumwamkia, kisa cha sahaba Abu Qatada. Alitengewa maji ya kutawadhia, paka akaja kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akamaliza. Alipoona anatazamwa kwa mshangao akasema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi, ni katika wanaozunguka kwenu majumbani. Hakubagua rangi wala sauti. Na Abu Huraira mwenyewe jina lake la utani maana yake ni baba wa kipaka. Wazee wetu wa pwani wanayajua haya, wakumbushwe tu kwa upole.

Mwana wa Ngamiani

Shikamoo ustadhi, na shukrani. Nilimwomba imamu wa msikiti wetu alisimulie kisa hikihiki siku ya darsa, na mawe yalipungua kuliko nilivyopata kwa kubishana barazani.

Binti, kuhusu sauti: hiyo haina uhusiano na rangi, ndiyo tabia yao. Paka wa Siam anaongea. Anasema anapoingia, anapotoka, bakuli likiwa tupu, mlango ukifungwa. Ukimjibu, naye anajibu. Kile kilio cha usiku cha kutafuta dume kilikwisha alipofungwa kizazi. Maongezi ya mchana hayakwisha, na sitaki yaishe.

Tabia nyingine, kwa anayefikiria kumfuga. Hawezi upweke. Paka wetu wa kawaida ukimwacha siku mbili anakwenda zake sokoni anarudi amenenepa. Huyu anakufuata chumba kwa chumba, anakaa mlangoni ukioga, analala na pua kwenye kwapa lako. Nilikwenda Dar wiki mbili nikamwacha na shangazi, nikarudi nikakuta amejilamba tumbo mpaka ngozi inaonekana. Ana akili nyingi, komeo la stoo alilifungua akiwa na mwaka mmoja, kwa kuning'inia. Na ananyonya nguo. Anachukua pindo la khanga, anafumba macho, anakanyagakanyaga na kunyonya mpaka linalowa. Khanga mbili za shangazi zimetoboka pembeni. Ni jambo linalofahamika kwa ukoo huu, na wengine humeza kabisa sufi au uzi, hapo inakuwa hatari ya utumbo kuziba. Mfichieni nyuzi za kushonea.

Fundi Baiskeli

Mkuu mimi niko Makorora, ninaye wa kufanana na huyo, dume. Nampa uono mbichi kila siku asubuhi na jioni, na anapenda. Ila sasa hivi anayumba akitembea, shingo inainama. Nimempa dawa ya maumivu nusu kidonge.

Mwana wa Ngamiani

Fundi, kama ni paracetamol usimpe tena hata chembe, na leo hii mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje kesho. Paracetamol inaua paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na nusu kidonge inatosha kummaliza. Mwambie daktari umempa nini na saa ngapi.

Kuhusu uono: samaki wadogo wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka akila hao tu kwa muda mrefu anaweza kuyumba na kuinamisha shingo hivyohivyo unavyoeleza. Mweleze daktari na hilo. Akipona, uono uchemshe kwanza, usitie kitunguu wala kitunguu saumu, na uchanganye na nyama, maini kidogo au utumbo wa kuku uliopikwa. Tupe habari tafadhali.

Kibua Mkavu

Mimi nataka kununua. Watoto wa Kasuku unauza bei gani?

Mwana wa Ngamiani

Hazai tena, na angezaa nisingeuza. Ila kwa faida yako: mtu akikuonyesha kitoto cha siku tano cheupe akasema ni cha Siam, hakuna awezaye kujua kwa macho. Ngoja wiki nne, tazama masikio na mkia. Na fikiria kwanza kama nyumbani kwako kuna mtu anayeshinda. Kama wote mnaondoka asubuhi mnarudi usiku, chukua paka wawili au usichukue.

Mpita Njia

Watu hawana hela ya chanjo za watoto wewe unaandika kuhusu paka.

Mwana wa Ngamiani

Ndugu, nakuheshimu. Mimi pia nina watoto na wamechanjwa. Kasuku anakula mabaki yetu na uono wa kuchemsha, chanjo yake ya kichaa cha mbwa ni mara moja kwa mwaka, na chanjo hiyo inawalinda watoto wa ua mzima, maana wao ndio wanaocheza naye.

Nyumba ya Makuti, Bagamoyo

Shikamooni nyote. Wa kwangu ana miaka 11. Zamani alikuwa mweupe mgongoni, sasa amekuwa kahawia karibu mwili mzima ilhali Bagamoyo joto ni lilelile. Ni ugonjwa?

Mwana wa Ngamiani

Marahaba kama u mdogo kwangu, na shikamoo kama u mkubwa. Kwa umri huo kuiva rangi ni kawaida yao, kadiri wanavyozeeka mwili unakolea. Kama anakula, anakunywa maji kama zamani na hajakonda, usihofu. Akianza kukonda au kunywa maji mengi kuliko kawaida, hilo ndilo la kumpeleka kwa daktari.

Fundi Baiskeli

Nimerudi. Amelazwa, kachomwa sindano ya vitamini, na nimeambiwa bahati yake ile nusu kidonge sehemu kubwa aliitema. Jana ameinua shingo. Uono mbichi basi.

Mwana wa Ngamiani

Alhamdulillahi, fundi. Umenifurahisha sana.

Wakuu, nimeulizwa faraghani kama mtaa bado unamwogopa. Yule mama wa tochi binti yake ana miaka tisa, na ndiye rafiki mkubwa wa Kasuku kwa sasa. Jana baada ya isha umeme ulikatika, nikamkuta uani na watoto wengine watano, amempakata, kashika tochi ya mama yake, anamulika na kuzima, anamulika na kuzima. Mmoja akarudi nyuma. Binti akamshika mkono akamwambia, "Usikimbie, ni damu yake unaiona kwa ndani. Hata wewe unayo." Kasuku alikuwa anaongea muda wote huo.

Picha ya kiraka cha ubavuni niliyowaahidi iko kwenye simu ya zamani, nitaiweka kesho.